Tekken 8, Street Fighter 6 au ubaki na Tekken 7? Ulinganisho kwa aliyekaa nje miaka mingi

Shemeji yangu aliye Jinja alinipigia simu Jumamosi moja jioni. Salamu hata hazijaisha, akauliza: "Shem, ninunue ipi, Tekken 8 au Street Fighter 6?"

Ni michezo ya video ya kupigana, mtu kwa mtu. Mwaka 2018 mtu huyu alikuwa hashikiki kwenye Tekken 7. Akiingia kibanda cha gemu, vijana walianza kupeana pedi wao kwa wao ili zamu isiwaangukie wakati wake. Kisha akamwoa dada yangu, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, wakapata watoto wawili, na ile PS4 ikageuka kuwa mashine ya katuni. Sasa anataka kurudi, na anachotaka ni mechi za daraja mtandaoni, zile za kupanda na kushuka cheo, na watu asiowajua.

Mimi nilimtangulia kurudi. Nilikaa nje miaka mitano, nikarudi na kiburi chote cha zamani, nikacheza Tekken 8 miezi miwili na Street Fighter 6 miezi miwili, hapa hapa Kampala, kwa waya na bila waya, umeme ukiwapo na ukikatika. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na niliyoyakumbuka baada ya kukata simu. Nimeongeza pia njia ya tatu ambayo hakuiuliza: kubaki na Tekken 7 aliyonayo.

Mashine, maana inaweza kumaliza mjadala

Street Fighter 6 ilitoka tarehe 2 Juni 2023, na Capcom, watengenezaji wake, hawakuitupa PS4. Inachelewa kufunguka na picha zimepunguzwa urembo, lakini ni mchezo ule ule, na unakutana na wenye PS5, wenye Xbox na wenye kompyuta bila ubaguzi. Tekken 8 ilitoka tarehe 26 Januari 2024 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta peke yake. PS4 haimo, na hakuna ujanja wa kuiingiza. Kwa shemeji, hapo nusu ya swali ilikuwa imeshajibiwa, ila hakutaka kusikia.

Kwenye kompyuta, Tekken 8 inataka nafasi ya GB 100 na Street Fighter 6 inataka GB 60. Kwa anayelipia intaneti kwa kifurushi cha simu, tofauti hiyo ya GB 40 ni hela. Tangu Julai 2021 tunakatwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, juu ya VAT ya asilimia 18, kwa hiyo kila GB unayoshusha unaishusha na mzigo wa serikali. Halafu kuna muda. Kwenye laini inayotoa megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, GB 100 ni saa 22 hivi; GB 60 ni saa 13 na ushee. Mimi Tekken 8 niliishusha kwa usiku tatu, kompyuta nikiifunika khanga ili mwanga wa feni usiwaamshe watu.

Bei: siku ya kwanza Street Fighter 6 iliuzwa dola 59.99 na Tekken 8 dola 69.99. Kwa shilingi zetu, ya kwanza ni laki mbili na ushee, ya pili inakaribia laki mbili na nusu. Usinunue kwa bei hiyo. Zote mbili hushuka sana wakati wa mapunguzo, na zote zina toleo la kuonja la bure. La Street Fighter linakupa wahusika wawili, Ryu na Luke. La Tekken linakupa Jin, Kazuya, Paul na Nina. Onja kwanza wiki nzima, ulale nayo, ndipo utoe hela.

Mwenye PlayStation ana gharama nyingine inayosahaulika. Kucheza mtandaoni michezo hii ya kulipia kunahitaji PlayStation Plus, na Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za duka lao, ndiyo maana tunatumia akaunti za nchi nyingine na kadi za kununua kwa watu. Kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta, hakuna ada ya kucheza mtandaoni. Ukipiga hesabu ya miaka miwili, kompyuta ya wastani haionekani ghali kama ulivyodhani.

Laini yako na umbali wa dunia

Hapa ndipo wengi wanaorudi wanadanganyika. Wanapigwa, wanasema mikono imezeeka, kumbe ni laini.

Michezo hii huenda kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 17. Ngumi ya haraka kabisa ya Tekken hutoka kwa fremu 10. Ya Street Fighter kwa fremu 4. Sasa tuseme umepangiwa mtu wa Tokyo. Kutoka Kampala ni kilomita kama 11,500 kwa njia ya ndege. Mwanga ndani ya kebo husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 115, ambazo ni fremu 7. Na waya haunyooki. Sisi hatuna bahari; taarifa zetu hupita kwanza nchi kavu hadi pwani ya Kenya, ndipo zikute kebo za chini ya maji. Mtu wa Nairobi, aliye kilomita 500 hivi, ni jirani yako wa kweli, na mechi yake unaisikia mikononi mara moja. Shida ni kwamba hao majirani ni wachache, na saa nyingine unakaa dakika kumi ukitazama duara likizunguka.

Michezo yote miwili mipya inatumia mfumo tunaouita rolibaki. Mchezo haumsubiri mpinzani; unakisia atakachobonyeza, na ukikisia vibaya unarudi nyuma fremu chache na kurekebisha. Laini nzuri, huoni kitu. Laini mbaya, unamwona mtu yuko mbali, kisha ghafla yuko kifuani mwako na ngumi imeshaingia. Kwa mikono yangu, Street Fighter 6 inavumilia laini mbovu kuliko Tekken 8. Tekken 8 ikiyumba kidogo, kukwepa kwa pembeni kunakuwa bahati nasibu. Tekken 7 yenyewe ilikuwa na ugonjwa mwingine, ule wa kila kitu kuwa kizito kama unapigana ndani ya tope. Sasisho la 2020 liliupunguza, halikuuponya.

Ukubwa wa pingi, yaani milisekunde ambazo taarifa huchukua kwenda na kurudi, si tatizo kubwa kuliko kuyumba kwake. Laini iliyosimama kwenye 90 muda wote inachezeka, kwa sababu mwili unaizoea. Laini inayoruka kutoka 30 hadi 150 na kurudi itakutukanisha. Hii ndiyo sababu ya waya. Michezo yote miwili inamwonyesha mpinzani kama uko kwenye waya au waifai kabla hajakubali mechi, na watu wengi wakiona alama ya waifai wanakataa. Nilikaa wiki nzima nikidhani seva zina hitilafu, kumbe nilikuwa ninakataliwa kama mtu anayenuka.

Jambo la hapa kwetu: tangu Januari 2021 Facebook haifunguki bila VPN, programu ya kupitishia intaneti yako nchi nyingine, na wengi tumezoea kuiacha imewaka kwenye ruta au kwenye kompyuta siku nzima. Izime kabla ya kucheza. Mechi yako na mtu wa Nairobi isipite kwanza Uholanzi. Mimi nilipoteza madaraja mawili kabla ya kuikumbuka.

Umeme sina la kushauri ila UPS ndogo, ya kubeba ruta na skrini dakika kumi. Mchezo haujui kwamba transfoma ya mtaa imelia. Unaona umemkimbia mwenzako, na mechi inahesabiwa umeshindwa.

Kinachorudi na kisichorudi

Aliyekuwa mzuri Tekken 7 akishika Tekken 8, dakika kumi za kwanza ni tamu sana. Ile Electric, ngumi ya mhusika Kazuya, bado ni mbele, achia, chini, chini-mbele na mkono wa kulia kwa wakati mmoja, na kidole gumba kinaikumbuka kabla kichwa hakijakumbuka. Nilikaa kwenye chumba cha mazoezi nikiipiga, ile cheche ya buluu ikitoka mara saba kati ya kumi, nikajiambia mzee bado yupo.

Kisha nikaingia daraja. Mechi ya kwanza nilikutana na Azucena, mwanamke wa Peru mwenye mambo ya kahawa, ambaye zama zangu hakuwepo. Alinipiga kwa mlolongo mmoja huo huo mara nne. Mara ya kwanza nilikinga juu, ikaja chini. Mara ya pili nikakinga chini, ikaja juu. Mara ya tatu nikabonyeza katikati, nikagongwa katika kubonyeza. Mara ya nne niliachia pedi nikamtazama tu anavyofanya.

Hiyo ndiyo Tekken. Ilianza na wahusika 32 na wameendelea kuongezeka. Mwishoni mwa 2025 ameingia hadi Miary Zo wa Madagaska, na nilifurahi kama ameongezwa ndugu yangu. Wengi wao wana mapigo zaidi ya mia. Mikono yako inarudi na maarifa yako, lakini mpinzani analeta ambayo hujawahi kuyaona, na hakuna wepesi wa macho utakaokuokoa na pigo usilolijua. Ni deni la kusoma, na hulipwa kwa miezi.

Juu ya deni hilo kuna Heat, hali ya nguvu za ziada. Kila raundi kila mchezaji anaiwasha mara moja, inadumu kama sekunde 10, na ndani yake hata anayekinga anapungua damu, yaani uhai wake. Aliyezoea kurudi nyuma, kusubiri kosa na kuadhibu, mtindo wa Tekken 7, anajikuta anasukumwa ukutani bila kukosea lolote. Wachezaji wenyewe wamelalamika. Sasisho la msimu wa pili, Aprili 2025, liliongeza mashambulizi zaidi, hasira zikajaa Steam hadi watengenezaji wakalazimika kurekebisha. Ukirudi kwa sababu ulipenda ulinzi, jua hilo kabla ya kulipa.

Street Fighter 6 inakudai kitu kingine. Wahusika walioanza nao ni 18, na orodha ya mapigo ya Ryu unaweza kuisoma chai ikichemka. Ninachosema hapa ni kwamba mtu aliyekuwa Tekken tu, hajui Street Fighter hata kidogo, anaweza kuuelewa mchezo ndani ya wiki mbili. Kuuweza ni jambo lingine. Kila mchezaji anaanza raundi na vipande sita vya Drive chini ya damu yake. Unavitumia kukimbilia, kukinga kwa ujanja, kuongeza nguvu ya pigo. Ukivimaliza unachoka, mwili wa mhusika unageuka rangi ya majivu, na hapo ndipo unapoliwa. Nilipenda sana hili, kwa sababu linafanana na kupanga hela za mwezi: unajua kabisa tarehe 20 haijafika na mfuko umeshapwaya.

Pigo linalowakimbiza wanaorudi ni Drive Impact, lile la rangi zilizomwagika kama ndoo ya rangi ya ukutani. Linachukua fremu 26 kutoka, yaani milisekunde 430 hivi. Mtu wa kawaida akiona kitu huhitaji karibu milisekunde 250 kuanza kubonyeza, kwa hiyo kwenye karatasi unaliona na kulijibu. Sasa ondoa ucheleweshaji wa laini, ondoa ucheleweshaji wa televisheni isiyowekwa kwenye hali ya gemu, ondoa ukweli kwamba ni saa nne usiku na umesimama dukani tangu asubuhi. Inabaki nafasi ndogo kama tundu la sindano. Wiki ya kwanza nilipigwa kwa pigo hilo kila mechi. Wiki ya tatu nikawa ninalisubiri. Hutakiwi kulijua kwa kusoma. Mwili unalizoea kama mtu anavyozoea shimo la barabarani karibu na kwake.

Kwa mikono iliyochoka, Street Fighter 6 ina udhibiti wa Modern, ambapo pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja badala ya kuzungusha kidole. Unalipa kwa pigo hilo kupungua nguvu asilimia 20, na mapigo mengine madogo huna kabisa. Inaruhusiwa kwenye daraja, na watu wamefika Master, daraja la juu, nayo. Tekken 8 ina Special Style inayofanana, unaiwasha na kuizima katikati ya pambano, lakini niliiona ni ya kumkaribisha mgeni zaidi kuliko ya kupandia daraja.

Kuna mahali Tekken 8 inashinda wazi, na ni kwenye kujifunza ukiwa peke yako. Unafungua rekodi ya mechi uliyopigwa, unaisimamisha pale pale ulipogongwa, unaingia ndani na kujaribu jibu lako mwenyewe, na mchezo unakuonyesha ulichopaswa kufanya. Ile mechi ya Azucena niliifungua usiku ule ule, nikagundua mlolongo wake una mwanya mkubwa ningeweza kupitisha boda. Pia kuna vivuli, wapinzani wa mashine wanaojifunza kwa kukutazama wewe au mchezaji mwingine. Unashusha kivuli cha mtu hodari mara moja, kisha unapigana nacho bila kusumbuka na pingi. Kwa mtu wa laini ya kubahatisha, hicho ni kitu cha thamani.

Kibanda

Nilimwambia shemeji: "PS4 unayo, Tekken 7 unayo. Kwa nini usirudi kibandani?" Akacheka, akasema siku hizi ni mpira tu. Ni kweli. Vibanda vingi ninavyopita, kuanzia Wandegeya hadi Kawempe, skrini zote ni soka, na ukiuliza Tekken unatazamwa kama umeuliza santuri. Lakini nilikopata wawili watatu wanaoicheza, nilijifunza kwa Jumapili moja kuliko wiki nzima mtandaoni. Hakuna pingi, hakuna kukataliwa, na aliyekupiga anakaa kando anakuonyesha alivyokupiga, hata kama ni kwa majigambo.

Arslan Ash, bingwa wa Tekken kutoka Lahore, alitokea huko huko. Pakistan haikuwa kwenye ramani ya Tekken, intaneti yao haikuwa ya kujivunia, wakapigana wenyewe kwa wenyewe uso kwa uso. Mwaka 2019 akachukua Evo Japan, shindano kubwa la michezo ya kupigana, kisha Evo ya Marekani mwaka huo huo. Kwa hiyo asikudharau mtu kwa kucheza na majirani zako wanne.

Ila mtandaoni Tekken 7 simshauri mtu. Haichanganyi mashine; mwenye PS4 anakutana na wa PlayStation tu, na ukanda wetu ulishakuwa na watu wachache hata kabla hawajagawanywa. Kuhusu Mortal Kombat 1, iliyotoka Septemba 2023, watengenezaji walishasema hawaongezi wahusika wengine, kwa hiyo nimeipita.

Nilivyomwambia

Mwenye PS4, duka la kufungua alfajiri na saa moja ya kucheza usiku, achukue Street Fighter 6. Deni la kusoma ni dogo, laini mbovu inavumilika, na mashine ipo. Aanze na Modern bila aibu. Mechi kumi za kwanza zinampanga daraja, na kila mhusika ana daraja lake, kwa hiyo asiogope kuharibu jina: akivuruga kwa Ken, aende kwa Marisa aanze upya. Na asichague mhusika kwa kufanana na wa zamani. Nilimtafuta "Kazuya wa Street Fighter" wiki mbili, hayupo.

Mwenye kompyuta inayoibeba, waya nyumbani, na moyo ambao hautulii bila ile cheche ya buluu, aende Tekken 8, akubali kwamba miezi mitatu ya kwanza ni shule. Mimi ndiko nilikobaki, ingawa kwa daraja peke yake ningekuwa mbali zaidi upande wa pili. Mazoea yana taabu.

Shemeji alibishana nami siku mbili, akatuma picha za PS5 za mtumba, akauliza bei, akanyamaza. Kisha akanunua Street Fighter 6 kwenye mapunguzo. Wiki iliyopita ameniandikia saa tano usiku: ameingia daraja la Silver na mhusika Zangief, na dada yangu anauliza kwa nini kuna waya wa mita 20 unaokatiza jikoni.